Autumn Leaves kwa mpiga taarab: Hijazi ina mahali pake, usiimwage kila kipimo

FidlaYaVuga (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wapenzi wa muziki. Uzi ni mrefu, ni juu ya kupiga solo kwenye wimbo wa jazi, Autumn Leaves, kwa maqamu (skeli) zetu mbili, Nahawandi na Hijazi; jitilieni chai kwanza. Nawaandikia hasa wapiga taarab wenzangu wa Unguja na Pemba ambao siku hizi wanaitwa mahotelini kupiga na watu wa jazi. Wa gitaa na kinanda karibuni pia, ila nitasema kwa lugha ya fidla, udi na ganuni, maana ndiyo niliyokulia.

Nianze na yaliyonikuta. Msimu wa kaskazi uliopita niliitwa hoteli moja hapa Mji Mkongwe. Alikuwapo mpiga piano mgeni, na kijana wetu wa besi dabal. Mgeni akasema, "Autumn Leaves, G maina." Moyo ukatulia. G maina si Nahawandi tu hiyo, ukaianzishia kwenye G? Noti zake nazijua tangu utotoni: G, A, B flati, C, D, E flati, F shapu, kisha G ya juu (flati ni noti iliyoshushwa nusu hatua, shapu ni iliyopandishwa). Zamu yangu ya solo ilipofika nikafunga macho nikaingia kama ninavyoingia kwenye taksim, ile solo yetu ya kujitungia papo hapo.

Kipimo cha pili tu nikaivuta F shapu ndefu, nikaitetemesha kidole. Piano wakati ule iko kwenye kodi ya F saba (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). F kavu (isiyo shapu) chini, F shapu yangu juu, zinagombana mbele za watu. Nikaona mgeni ameinua kichwa. Nikaogopa, nikaiacha F shapu kabisa, nikabaki na F kavu mpaka mwisho wa solo. Hapo hakuna noti iliyogombana tena, lakini hakuna nilichosema. Tulipomaliza yule kijana wa besi akaniambia kwa upole, "Kaka, mimi nilikuwa naenda mahali, wewe ulikuwa umekaa."

Maneno yale nililala nayo. Nimeuchimba wimbo huu miezi kadhaa, na nilichokipata ndicho hiki.

Kwanza wimbo wenyewe, kwa haraka. Muziki aliutunga Joseph Kosma, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Ufaransa, mwaka 1945. Maneno ya Kifaransa ni ya mshairi Jacques Prévert, na ya Kiingereza aliyatia Johnny Mercer. Watu wa jazi wakauchukua wakaufanya uwanja wao wa mazoezi na wa kuonyeshana ufundi.

Una vipimo 32, kila kimoja mapigo manne. Vinane vya kwanza vinapigwa mara mbili, halafu vinakuja vinane vingine, halafu vinane vya kufungia. Mkivielewa vinane vya kwanza mmekwisha kuelewa zaidi ya nusu ya wimbo. Kodi zake, kila moja kipimo kimoja:

C maina saba, F saba, B flati meja saba, E flati meja saba, A maina saba iliyoshushwa tano, D saba, G maina, G maina.

Tazameni besi inavyotembea: C, F, B flati, E flati, A, D, G. Kila hatua ni kupanda nne (ukihesabu C, D, E, F), isipokuwa ile ya kutoka E flati kwenda A, ambayo imenyooshwa kidogo ili tubaki ndani ya ki (familia ya noti) ileile. Ni mnyororo. Kila kodi inaisukuma inayofuata, kama mawimbi ya kusi yanavyofuatana ukisimama Forodhani.

Na hapa ndipo nilipopotea. Nusu ya kwanza ya mnyororo, kodi nne za mwanzo, si nyumba ya G maina. Inaelekea B flati meja. F shapu haina kazi yoyote pale, na kwenye F saba ni mgeni asiyealikwa. Nusu ya pili, kuanzia A, ndiyo inarudi nyumbani G maina, na mlango wa nyumba hiyo ni D saba. Hapo ndipo F shapu inapotakiwa, tena kwa hamu.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Shika D. Panda kwa noti za Nahawandi ileile ya G, ila anzia kwenye D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Nyinyi mnaijua hiyo. Ni Hijazi. Ile ile unayoisikia kwenye adhana za wasomaji wengi, ile mpiga udi akiigusa mzee kwenye kiti cha mbele anafumba macho. Mtu wa jazi anasoma miaka kuitafuta sauti ya kuweka juu ya D saba inayorudi G maina. Sisi tumezaliwa nayo masikioni.

Lakini katika vipimo vyote 32, D saba imekuja mara tano tu: cha 6, cha 14, cha 18, cha 26 na cha 30. Vipimo vitano. Kwingine kote Hijazi ya D haina nyumba. Mimi niliimwaga kote, halafu nikaikimbia kote.

MtotoWaWete

Maalim, shukrani kwa darsa. Swali moja dogo: jazi unayosema ni kama ya Morogoro Jazz na Western Jazz? Na karatasi niliyonayo mimi imeandikwa E maina, sio G.

FidlaYaVuga

Ndugu yangu wa Wete, hapana. Bendi zetu zile zilijiita jazi lakini zilipiga muziki wa dansi, na ni muziki mtamu wenye nasaba yake. Hapa nasema jazi ya Marekani.

Karatasi yako ni sahihi. E maina imeenea sana kwenye karatasi, G maina wanaipenda wapiga tarumbeta na saksafoni. Ukiwa E maina, mlango wako ni B saba, na Hijazi yako inaanzia B: B, C, D shapu, E. Hesabu ni ileile.

Sasa niendelee na sehemu ya pili, nyuzi mbili, yaani njia mbili za noti zinazopita ndani ya kodi.

Nilipogundua habari ya Hijazi nilifurahi, nikafanya mazoezi ya kuikumbuka kwenye vipimo vyake. Bado solo ilisikika kama mtu anayebadilisha shati kila kona. Skeli sahihi, mazungumzo hakuna. Ndipo nikaanza kupiga noti mbili tu za kila kodi, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti inayoipa kodi jina, polepole, bila pambo lolote. Zitazameni:

Uzi wa kwanza: E flati, E flati, D, D, C, C, B flati.
Uzi wa pili: B flati, A, A, G, G, F shapu, G.

Ni watu wawili wanashuka ngazi nyembamba za nyumba ya Mji Mkongwe. Mmoja anashuka hatua, mwenzake anasubiri. Kisha mwenzake anashuka, huyu anasubiri. Hawakanyagani. Ule uzi wa pili ukifika F shapu kwenye D saba hauendelei kushuka kama mwanzo, unageuka na kupanda nusu hatua kwenda G. (Mpiga piano akipenda ataushusha kwenye F, ni halali pia, lakini mimi nasema mlio wa fidla.) Ule mgeuko ndio kurudi nyumbani kwenyewe. F shapu yote ya wimbo huu kazi yake ni hiyo.

Halafu angalieni melodi ya Kosma. Inapanda hatua tatu fupi, G, A, B flati, kisha inaruka na kutua E flati juu ya C maina. Inapanda tena F, G, A, inatua D juu ya B flati meja. Tena, inatua C juu ya kodi ya A. Tena, inatua B flati juu ya G maina. E flati, D, C, B flati. Ni ule uzi wa kwanza! Mtunzi ameuweka peupe, kila kituo ni noti ya tatu ya kodi. Kwa hiyo usipojua pa kwenda kwenye solo, tua anapotua Kosma. Hutapotea.

BesiChini

Mimi napiga besi na nashuhudia. Ukiwa chini unasikia mara moja kama wa juu anajua kodi au anajua skeli. Anayejua kodi ananipa noti ya tatu kwenye pigo la kwanza, hata kama anapiga noti chache. Asiyejua anapiga noti mia na mimi nabaki peke yangu.

Niongeze la vipimo vya 27 na 28, watu wengi hujikwaa pale. Besi inashuka nusu nusu hatua: G, G flati, F, E, kisha E flati kipimo cha 29, D cha 30, na G nyumbani. Kodi zinabadilika kila mapigo mawili. Wa juu asihangaike kufuata kila kodi kwa skeli yake. Apige noti ndefu au anyamaze, aniachie nishuke. Miles Davis alivyokuwa akijua kunyamaza! Ile rekodi ya Cannonball Adderley ya 1958, Somethin' Else, Miles ameziba tarumbeta anapiga melodi, Hank Jones kwenye piano, Sam Jones besi, Art Blakey ngoma. Sikilizeni nafasi anazoziacha.

NaiYaMalindi

Samahani, hapa lazima nipinge. Umesema D saba ni Hijazi. Lakini melodi yenyewe pale kipimo cha sita inapanda D, E, F shapu kisha B flati. E kavu, si E flati! Sasa mtunzi mwenyewe amekataa Hijazi yako. Nimeipiga kwenye nai mara kumi leo nihakikishe.

FidlaYaVuga

NaiYaMalindi, umenena kweli, na nashukuru, maana hili ningelipita kimya. Melodi inapanda kwa E kavu. Sababu ninayoiona ni hii: ukitoka E flati kwenda F shapu unaruka hatua moja na nusu, ni pengo. Mtu anayeimba wimbo wa upole, anayepanda hatua kwa hatua kama melodi hii inavyofanya tangu mwanzo, hataki pengo pale katikati. Kwa hiyo Kosma akainyanyua E. Wazungu wana jina la maina ya namna hiyo, inayopanda kwa noti zilizonyanyuliwa na kushuka kwa zilizoshushwa. Na sisi hatushangai, kwani wapiga maqamu wangapi wanabadilisha noti wakipanda na kuirudisha wakishuka?

Kwa hiyo niseme vizuri zaidi kuliko nilivyosema mwanzo. Ukipanda kwenda nyumbani, E kavu ni halali na ni laini. Ukishuka, au ukitaka uzito, E flati ndiyo yenye machozi. Mimi kwenye solo naipenda ya pili, kwa sababu E flati inataka kuanguka kwenye D, na D ni noti ya tano ya G maina. Jaribuni sentensi hii, noti moja kila pigo:

Kipimo cha 5: E flati, C, A, G.
Kipimo cha 6: F shapu, A, C, E flati.
Kipimo cha 7: D, ndefu.

Hakuna hata noti moja ya pambo. G ya mwisho ya kipimo cha tano inateleza kwenye F shapu, ndio ule uzi wa pili. Kisha mnapanda kodi yenyewe mpaka E flati, na E flati inadondoka kwenye D. Ipigeni polepole, upinde mmoja kwa kila kipimo. Mimi niliipiga dirishani usiku umeme umekatika, hakuna piano, hakuna chochote, na kodi zote tatu nilizisikia ndani ya fidla moja. Tangu siku ile ndipo nilipoelewa alichotaka yule kijana wa besi.

BintiGanuni

Na mimi nina langu. Nyinyi wa fidla na nai mnapita tu, ganuni ina kazi. Nyuzi zetu zimefungwa tatu tatu kwa kila noti, na F ni F, ukitaka F shapu lazima mkono wa kushoto uinue kijichuma cha pembeni. Kwenye Nahawandi ya kawaida nakiinua mwanzo wa wimbo na kukisahau. Kwenye huu wimbo lazima nikiinue kabla ya kipimo cha sita na kukishusha kabla ya F saba irudi. Mara ya kwanza nilichelewa kukishusha na nikapata aibu ileile aliyoipata mwenye uzi.

La pili ni la masikio. Hijazi tuliyofundishwa na wazee haiko sawa na ya piano. E flati yetu iko juu kidogo, F shapu iko chini kidogo, lile pengo linakuwa jembamba. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukiipiga hivyo na piano, unasikika umepotoka. Mnafanyaje?

FidlaYaVuga

Dada, swali lako zuri kuliko uzi wangu. Nikiwa na piano, nafuata piano, sina njia. Noti ambazo piano inazishika kwa sauti, F shapu na E flati, naziweka pale pale inapoziweka. Lakini nikiwa na besi dabal na ngoma tu, narudi kwetu, nazibana kama wazee. Kijana wangu wa besi anapiga D tu chini na haichafuki hata kidogo, kwa sababu D na G hazibadiliki kwenye Hijazi yoyote.

Maqamu za Bayati na Rasti nimejaribu pia, na nawashauri msizilazimishe kwenye wimbo huu. Robo toni zao (noti zilizo katikati ya noti za piano) haziko ndani ya kodi hizi. Akodiani yetu ya kawaida inatufundisha hilo kila siku: Nahawandi na Hijazi inazipiga, Bayati inaishinda. Mkitaka kusikia mtu aliyeuchukua udi na kuupeleka kwa watu wa jazi bila kuvunja upande wowote, tafuteni Ahmed Abdul-Malik, aliyempigia besi mpiga piano Thelonious Monk. Jazz Sahara yake ni ya 1958. Yeye aliuacha ule mnyororo wa kodi, akakaa kwenye maqamu. Ni njia nyingine, na ni njia ya heshima.

Na hapa nifike kwenye tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko noti. Kwenye taksim mwenye wakati ni wewe. Unaanza chini, unazunguka nyumbani, unapanda mpaka noti ya tano, unakaa huko unavyotaka, na qafla, kile kituo cha kufungia, unaifunga siku moyo wako ukikuambia. Watu wanangoja, na ukifunga wanaitikia "Allah!". Kwenye Autumn Leaves qafla ina miadi. Kipimo cha saba inafika, uwe tayari usiwe tayari. Besi haikungoji.

Mwanzo niliona hiyo ni jela. Sasa naona kama kupiga bashraf, ule muziki wetu wa ala uliokwisha tungwa: njia imekwisha chorwa na kila mtu anaijua, na uhuru wako uko kwenye namna unavyoikaribia kona. Unaweza kuiwahi qafla kwa nusu pigo. Unaweza kuichelewesha ukaivuta E flati mpaka ndani ya kipimo cha saba, msikilizaji akakosa pumzi, ndipo ukaiangusha D. Mazoea ya taksim hayapotei. Yanabanwa, na yakibanwa yanatoa sauti nyingine.

BesiChini

Kwenye kuchelewesha sikilizeni trio ya Bill Evans, Portrait in Jazz, walirekodi Desemba 1959. Scott LaFaro kwenye besi hakubali kuwa mtembeaji tu, anajibizana na piano. Yeye ndiye aliyenifanya niache kuona besi ni kazi ya kuhesabu.

MtotoWaWete

Maalim, mimi sina piano wala besi huku. Nina udi wa marehemu babu na simu. Nianzie wapi?

FidlaYaVuga

Babu yako amekuachia kila unachohitaji. Fanya hivi. Jirekodi kwenye simu ukipiga noti za besi tu, moja kwa kila kipimo, mapigo manne manne, polepole kama mtu anayetembea baada ya magharibi. Uipige rekodi hiyo, na juu yake piga vituo vya Kosma peke yake: E flati, D, C, B flati, kila kimoja vipimo viwili. Wiki nzima usiongeze kitu. Viimbe pia, kwa mdomo, kabla ya kugusa udi. Kisha ongeza uzi wa pili. Hijazi iache mpaka mwisho, nayo ikija iwe noti nne tu, D, E flati, F shapu, G, kipimo cha sita peke yake. Ukiona vidole vinaitafuta kwingine, simama, anza upya.

Kama karatasi yako ni ya E maina na udi wako una waya wa G na D, hamia G maina, utapata mlio mzuri zaidi wa nyumbani.

MtotoWaWete

Nimefanya siku nne sasa. Jana ile E flati ilipodondoka kwenye D, mama alikuwa jikoni anakuna nazi, mbuzi ikanyamaza. Akaniuliza huo ni wimbo wa nani. Nikamwambia wa mtu wa Budapest. Akasema hapana, huo babu yako alikuwa akiupiga.

BintiGanuni

Mashallah. Na mimi nimepata dawa ya kijichuma: nakiinua kwenye pigo la nne la kipimo cha tano, wakati mkono wa kulia uko kwenye G. Tatizo limebaki kukishusha. Nikingoja mpaka kipimo cha kumi nachelewa kila mara.

FidlaYaVuga

Usingoje cha kumi. Kishushe cha nane, pale G maina imekwisha tulia na hakuna anayeidai F shapu tena. Mkono wa kulia ushike G, A, B flati za kuanzia duru ya pili, na wa kushoto ufanye kazi yake chini ya hizo tatu.